Alfa na nguo zake: 1/137 ni fumbo la maumbile au la kalamu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia, mwaka wa pili. Kila ninapopita naambiwa kuwa 1/137 ni namba ya ajabu kuliko zote na kwamba hakuna ajuaye ilikotoka. Ila kitabu changu cha kwanza kinaiandika e²/4πε₀ħc, cha pili e²/ħc, na cha tatu e²/4π, basi. Nikiitazama ya kwanza nywele zinasimama. Nikiitazama ya tatu sioni hata cha kushangaa. Je, hizi ni namba tatu au ni moja? Hilo fumbo liko kwenye maumbile au kwenye kalamu zetu? Na mimi niandike ipi?"

Marahaba. Namba ni moja. Chukua kikokotoo, ingiza thamani za kitabu cha kwanza, kisha za cha pili, kisha za cha tatu. Mara zote utaambulia 0.0072973 na ushei, ambayo ukiigeuza juu chini inakuwa 137.036. Kilichobadilika ni herufi e, ambayo kila kitabu kinaitumia kwa maana yake, tena kimyakimya. Namba hii hupima nguvu ya umeme kati ya chembe. Jina lake rasmi ni refu, kwa Kiingereza fine-structure constant, na linatokana na mistari myembamba ya mwanga nitakayoigusa baadaye. Hapa nitaiita alfa, kama wanavyoiita wenyewe kazini.

Kuhusu fumbo, liko kote kuwili. Lipo la maumbile na lipo la kalamu, na watu wenye akili kuliko mimi na wewe walipoteza miaka kwa kuyachanganya. Kwa hiyo nivumilie niivue alfa nguo zake za kalamu, moja baada ya nyingine.

Tuanze na e. Chembe mbili zenye chaji ya aina moja husukumana, na umbali ukiwa maradufu kani inabaki robo. Hilo ni la maumbile, hakuna kalamu itakayolibadilisha. Lakini mbele ya q²/r² inabidi pakae namba fulani, na namba hiyo ni hiari ya mwandishi. Mfumo wa vizio uliopewa jina la Gauss unaweka 1, yaani hauandiki kitu. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyekuwa mkali sana juu ya jambo hili, alishikilia kuwa mahali pale ni pa 1/4π: kani inasambaa juu ya uso wa tufe, na eneo la uso wa tufe ni 4πr², basi 4π ikae palipo na tufe, isije ikachafua kanuni za Maxwell za umeme na usumaku, ambako hakuna tufe lolote. Ukikubaliana na Heaviside, e yako inakuwa kubwa kuliko ya Gauss mara √4π, yaani kama mara tatu na nusu, ingawa elektroni ni ileile. 4π haifi. Inahama chumba tu.

Kitabu chako cha pili ni cha Gauss na cha tatu ni cha Heaviside. Cha kwanza ni SI, mfumo wa kimataifa wa vizio. Kina 4π, na juu yake kina ε₀, kwa sababu SI iliamua kuupa umeme kizio chake wenyewe, ampea, kisha ikalazimika kuweka mkalimani kati ya ampea kwa upande mmoja na mita, kilo na sekunde kwa upande mwingine. ε₀ ndiye mkalimani.

Ushahidi kwamba ni mkalimani tu ni huu. Mpaka mwaka 2019, ε₀ ilikuwa na thamani kamili isiyo na shaka hata chembe, kwa amri, na e ndiyo iliyokuwa ikipimwa maabara. Tarehe 20 Mei 2019 SI ilibadilishwa: e ikapewa thamani kamili, 1.602176634×10⁻¹⁹ kulombi, na ε₀ ikawa ndiyo inayopimwa. Siku ile hakuna elektroni iliyotikisika popote. Kutojua kwetu kulihama tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na alfa ikabaki palepale na shaka yake ileile.

Sasa rudi kwenye ile nywele kusimama. Ukiiona e²/4πε₀ħc unaona vitu vitano vilivyotoka makwao tofauti: chaji ya elektroni, ombwe, Planck, mwanga, na duara. Vinakutana, vizio vyote vinakatana, inabaki namba tupu. Ni kama wageni watano kukutana njiani wakagundua ni ndugu wa tumbo moja. Nani asishangae? Lakini watatu kati yao tuliwaweka sisi. ħ inatafsiri nishati kuwa marudio ya wimbi. c inatafsiri urefu kuwa muda. ε₀ umeshaijua. Vizio tulivitia kwa mkono wetu, na kwa mkono uleule tukavitoa. Ukiacha duara, anayebaki ni e peke yake, ndiyo maana kitabu cha tatu kinaonekana kimepoa.

Wala usidhani kitabu cha tatu kimefanya kiinimacho kusema ħ na c ni 1. Mtu akikuambia "ni mwendo wa saa mbili" amekutajia umbali kwa saa, na hujawahi kumkatalia. Amefanya kasi ya mguu wake kuwa 1. Mwanafizikia anafanya hivyohivyo kwa kasi ya mwanga, na ana haki zaidi, maana mwanga hauchoki njiani.

Nataka sasa uione alfa yenyewe kwa karibu, bila herufi. Weka elektroni mbili zikiwa umbali r. Nishati ya kusukumana kwao, ukiipima kwa elektronivolti na umbali kwa nanomita, ni 1.44 gawa kwa r. Kisha chukua fotoni moja, chembe ya mwanga, ambayo urefu wa wimbi lake ukigawanywa kwa 2π ni r hiyohiyo. Nishati yake ni 197.33 gawa kwa r. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: r inakufa, elektronivolti inakufa, nanomita inakufa, inabaki 0.0073. Ungepima kwa vizio vya watu wa sayari nyingine ungepata hiyohiyo. Alfa ndiyo hiyo: ugomvi wa elektroni mbili ukilinganishwa na mwanga unaotosha nafasi iliyo kati yao.

Je, uliona nilipokuchezea? Nilisema "ukigawanywa kwa 2π". Hakuna aliyenilazimisha. Ningechukua fotoni ambayo wimbi lake zima ni r, nishati yake ingekuwa 1239.84 gawa kwa r, na uwiano ungekuwa 0.0011614. Ugeuze: 861.02.

Hapa ndipo ninapopapenda. Arnold Sommerfeld, aliyeileta alfa mwaka 1916, aliiandika 2πe²/hc, kwa h nzima ya Planck, kwa kuwa ħ, ambayo ni h hiyo gawa kwa 2π, haikuwa imezoeleka bado. Hiyo 2π alikuwa na sababu nayo: alfa kwake ilikuwa kasi ya elektroni kwenye duara la kwanza la atomu ya Bohr, ikigawanywa kwa kasi ya mwanga. Ni sababu nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini angeweza kabisa kuiacha 2π nje, akaita e²/hc ndiyo konstanti, na leo watu wangekuwa wanakesha na 861 badala ya 137.

Tena wangekuwa na hoja. Mwaka 1948 Julian Schwinger alikokotoa kwamba usumaku wa elektroni unazidi ule uliotabiriwa na Dirac kwa kiasi ambacho, kwa kadirio la kwanza, ni alfa gawa kwa 2π, yaani 0.00116. Kwa mwandiko ule wa e²/hc hiyo ni konstanti yenyewe, tupu, bila pambo. Fikiria vitabu vingeandikaje: "Na tazama, elektroni yenyewe inaitamka 1/861!"

Halafu kuna Arthur Eddington. Huyu alikuwa mwanafalaki mkubwa, miongoni mwa walioongoza safari za kupatwa kwa jua mwaka 1919 zilizompa Einstein umaarufu. Mwaka 1929 alitoa hoja kwamba kinyume cha alfa, yaani 1 gawa kwa alfa, lazima kiwe namba nzima, 136, kwa sababu jedwali la safu mlalo 16 na safu wima 16, likiwa na ulinganifu pande mbili za ulalo wake, lina nafasi huru 136: ni 16 mara 17 gawa kwa 2. Vipimo vya maabara vilikuwa vinasogea kwenye 137. Eddington akapata sababu ya kuongeza moja, na wenye midomo wakalichezea jina lake kwa hilo.

Sasa fanya hesabu hii: 41 mara 42, gawa kwa 2. Ni 861. Siku nilipoliona hili kwa mara ya kwanza, nikiandika nyuma ya bahasha kuukuu, nilicheka peke yangu. Eddington wa dunia ile nyingine angekuwa na jedwali lake la 41 kwa 41, na asingehitaji hata kuongeza moja. Na 861.02 iko karibu na namba nzima kuliko 137.036 ilivyo. Hoja yake ingeonekana imara kuliko ilivyoonekana huku kwetu, na ingekuwa hewa vilevile.

Hiyo ni nguo ya 2π. Nguo nyingine ni kule kugeuza juu chini. Thamani ya alfa ni 0.0072973525..., namba isiyo na sura. Hakuna mtu aliyewahi kuipigia kelele 0.0073. Igeuze, na ghafla inajitokeza 137, ambayo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa yenyewe na moja, na mtu anahisi anaitwa. Lakini utasa ni sifa ya namba nzima, na hii si namba nzima. 137.036 haina utasa wowote, kama ambavyo mtu mwenye futi tano na ushei si mtu wa futi tano. Mwanafizikia Wolfgang Pauli, ambaye namba hii ilimsumbua maisha yake yote, alifariki Zürich mwezi Desemba 1958 akiwa amelazwa katika chumba namba 137, na kisa hicho kinasimuliwa mpaka leo. Kisa ni cha kweli. Ila hakuna hospitali yenye chumba namba 0.0073.

Kwa mizaha ya aina hii, hakuna uliofikia ule wa mwaka 1931. Vijana watatu, Guido Beck, Hans Bethe na Wolfgang Riezler, walipeleka makala fupi kwa jarida la Kijerumani Die Naturwissenschaften. Walidai wameunganisha alfa na baridi ya mwisho kabisa, ile ambayo chini yake hakuna kwenda. Fomula yao ilikuwa: zidisha 137 kwa 2, toa 1, weka alama ya kutoa. Jibu: −273. Na kweli, sifuri kamili ni nyuzi −273 za selsiasi. Makala ikachapwa. Wahariri walipogundua kuwa wamechezewa, na kwamba aliyekuwa anadhihakiwa ni Eddington, hawakufurahi.

Usiucheke ukapita, kaa nao kidogo. Kosa liko wapi? Hesabu ni sahihi, 2 mara 137 toa 1 ni 273. Kosa ni kwamba 273 haipo kwenye maumbile. Ipo kwa sababu binadamu walichukua barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka, wakagawa nafasi ya kati mafungu 100, na walipenda 100 kwa kuwa wana vidole kumi. Kwa farenhaiti baridi ileile ni −459.67. Kwa kelvini ni sifuri. Alfa haijui lolote kuhusu maji, barafu wala vidole. Bethe, aliyekuja kupata Nobeli mwaka 1967, alikuwa na umri wa miaka 24 tu, na katika kijimakala hicho alikwisha fundisha jinsi ya kumnasa mtu wa namna hii: badilisha kizio, uone kama ajabu inasalia.

Kwa hiyo nami hufanya hivyo kila ninapoletewa "ufumbuzi" wa 137, na huletewa mara nyingi. Unaopendeza kuliko yote ni huu: 4π³ + π² + π. Jaribu. Utapata 137.0363038. Ni mzuri, nakiri, na mara ya kwanza unakutia baridi mgongoni. Lakini alfa imepimwa: kinyume chake ni 137.035999177, na shaka iko kwenye tarakimu mbili za mwisho, kama 0.000000021. Fomula imekosea kwa 0.0003. Ukigawanya kosa hilo kwa shaka ya kipimo, fomula iko nje kwa zaidi ya mara 14,000. Hapo hakuna cha kujadili, imekufa.

Inavutia kwa nini, basi? Chukua π³, π², π na 1, vipe kila kimoja kizidisho kuanzia 0 hadi 9, kisha jumlisha. Una michanganyiko 10,000, iliyotawanyika kati ya 0 na 405, kwa wastani kama 25 katika kila hatua ya moja. Ruhusu vipeo vya juu zaidi, mizizi na kugawanya, uwe na mamilioni. Kati ya mamilioni, ya kukaribia 137.036 hayakosekani, na mtafutaji hukuletea ule mmoja uliokaribia bila kukuhesabia aliyoyatupa. Hali ni hiyohiyo kwa uzito wa protoni ukilinganishwa na wa elektroni. Friedrich Lenz alionyesha mwaka 1951 kwamba uwiano huo unakaribia 6π⁵, yaani 1836.118. Kipimo kinasema 1836.153. Karibu sana, na si yenyewe.

Sasa tumevua vya kutosha. Kinachobaki ni nini?

Katika mwandiko wa kitabu chako cha tatu, e ni 0.303. Hiyo ndiyo namba inayokaa kwenye kanuni yenyewe, pale elektroni inapotoa au kumeza fotoni. Swali la maumbile ni: kwa nini 0.303, si 0.03, si 3? Hilo halivuliki. Nadharia zetu zinaiomba maabara namba hiyo. Haziwezi kuizalisha zenyewe. Na namba hiyo inatenda kazi kweli. Kwa sababu ya alfa, elektroni ya haidrojeni inakwenda kwa sehemu moja ya 137 ya kasi ya mwanga, hivyo unaweza kuifundisha atomu bila kumwita Einstein kila dakika. Kwa sababu yake ipo ngazi ya urefu tatu: nusu kipenyo cha kale cha elektroni, 2.82 femtomita, kisha wimbi la Compton likigawanywa kwa 2π, 386, kisha atomu ya Bohr, 52,900. Kila ngazi ni mara 137 ya iliyo chini yake. Kwa sababu yake pia mwanga wa manjano wa sodiamu, ukiupitisha kwenye kifaa kizuri, unapasuka kuwa mistari miwili, nanomita 589.0 na 589.6. Mpasuko wa aina hiyo, kwenye haidrojeni, ndio aliokuwa akiufukuzia Sommerfeld, na jina refu la alfa lilitoka huko.

Hata hivyo ona ujanja ambao mwandiko bado unaufanya hapa. Mtu mwenye 0.0073 mkononi anauliza, "Mbona ndogo hivi?" Mwenye 0.303 hana swali hilo, kwake ni namba ya kawaida, theluthi hivi. Ni umeme uleule. Mimi niko upande wa 0.303, kwa sababu ndiyo inayokaa kwenye kanuni ya msingi kabla hesabu hazijaanza. Lakini wanaokokotoa usumaku wa elektroni hatua kwa hatua watakuambia kwamba kwao kinachojirudia ni alfa gawa kwa π, 0.0023, na hawana makosa. Shati la shambani si la harusini.

Kuna jambo la pili linalobaki, nalo linaigusa 137 yenyewe. Alfa si thabiti kama unavyoambiwa. 137.036 ni thamani ya mtu anayeitazama elektroni kwa mbali. Ombwe linalozunguka elektroni si tupu; lina jozi za chembe zinazozuka na kutoweka, na jozi hizo zinaificha chaji kidogo. Ukisogea karibu, yaani ukigonganisha chembe kwa nishati kubwa, pazia linapungua na chaji inaonekana kubwa zaidi. Kwenye nishati inayolingana na uzito wa chembe nzito iitwayo Z, kama GeV 91 (elektronivolti bilioni 91), kinyume cha alfa ni kama 128. Basi anayetaka kuifumbua 137 lazima aseme kwa nini ameichagua hiyo na kuiacha 128 na zote zilizo katikati.

Na hapa namba iliyogeuzwa, niliyoisema vibaya huko juu, inastahili kuombwa radhi. Tangu nguvu ya umeme-sumaku na nguvu dhaifu, ile iliyo nyuma ya baadhi ya mionzi ya atomu, zilipounganishwa katika nadharia moja, tunajua kuwa alfa si mzizi, ni tawi la mizizi miwili. Na mizizi hiyo inajumlishana ikiwa imegeuzwa: kwenye nishati ya Z, kinyume cha mmoja ni kama 29.6 na cha mwingine kama 98.3, jumla 128. Ukiziandika bila kugeuza, uhusiano huo unajificha ndani ya sehemu na mabano. Ukizigeuza ni kujumlisha kwa darasa la pili. Zaidi ya hayo, kinyume hicho hubadilika karibu kwa mstari mnyoofu ukichora dhidi ya logi ya nishati. Kwa hiyo kugeuza si dhambi. Dhambi ni kugeuza kisha kuitazama 137 kana kwamba imeandikwa kwenye mlango wa mbingu. Anayeieleza 137.036 moja kwa moja ni sawa na mtu anayeeleza salio bila kuuliza kilichoingia na kilichotoka.

Uliuliza uandike ipi. Kwenye mtihani andika ya SI, yenye 4πε₀ħc, kwa sababu msahihishaji atataka vizio vikatane mbele ya macho yake. Ukisoma makala za zamani, kabla ya kunakili fomula yoyote angalia kwanza kani ya Coulomb imeandikwaje ukurasa wa mwanzo. Nimeona wanafunzi wakikosea mara 12.57 kwa kuchukua e ya Gauss wakaitia kwenye fomula ya Heaviside. Hiyo 12.57 ukikutana nayo, ujue ni 4π imepotea njia. Kwenye daftari lako la kufikiri, andika e²/4π.

Kisha kabla hujalala fanya hesabu moja zaidi. Wimbi la redio likisafiri kwenye ombwe linakutana na ukinzani, na thamani yake ni omu 376.730. Na mwaka 1980 Klaus von Klitzing aligundua kwamba tabaka jembamba la elektroni, kwenye baridi kali na usumaku mkubwa, linatoa ukinzani unaopanda kwa vidato, na kidato cha msingi ni omu 25,812.807. Gawanya ile ya kwanza kwa mara mbili ya hii ya pili. Hakuna elektroni mbili zinazosukumana humo, hakuna duara la Bohr, hakuna π wala ħ iliyoandikwa popote, ni omu juu ya omu tu. Ukiona kilichotokea kwenye kioo cha kikokotoo, niandikie uniambie kama nywele zimesimama tena.